Hodi ya Mtu Asiyejulikana

Katika vijiji vya Bwisha mtu haingii nyumbani mwa mwenziwe bila kupiga hodi, wala mwenye nyumba hajibu "karibu" kabla ya kuisikiliza vema sauti. Sauti ikiwa ngeni, huuliza: U nani? Watoka wapi? Nani amekuelekeza huku? Maswali hayo si matusi, na mgeni mwenyewe huyatazamia. Majibu yake huwa tayari mdomoni: yeye ni mwana wa fulani, wa kilima fulani, ameelekezwa na fulani ambaye wenyeji wamjua. Hapo ndipo kigoda huletwa. Akilala usiku mmoja, majirani wamekwisha kupata habari. Akikaa siku nyingi, mkubwa wa kijiji naye hana budi kuambiwa.

Siku hizi iko hodi nyingine, nayo haina sauti. Hupigwa katika simu. Mtandao uitwao LinkedIn ulifunguliwa huko Marekani mwaka 2003, kusudi watu wa kazi mbalimbali wapate kujuana na kutafutana. Kampuni ya Microsoft iliununua mwaka 2016 kwa dola bilioni 26.2, na karibu na mwisho wa mwaka 2023 wenye mtandao walitangaza kwamba wanachama wamepita bilioni moja. Desturi yake ni hii. Mtu huandika humo jina lake, shule alizosoma, kazi alizozifanya na ile anayoitafuta. Tena huweka picha. Kisha huomba kuunganishwa na wengine. Aombwaye huona jina na picha ya mwombaji, na mahali pawili pa kubonyeza: kukubali au kupuuza. Akikubali, waweza kuandikiana, na kila mmoja huweza kuiona orodha ya watu wa mwenzake, isipokuwa mwenyewe ameificha. Hapana kigoda, hapana swali, hapana jirani wa kushuhudia. Katika Goma, mji ambao kwa miaka mingi mashirika ya misaada yamekuwa waajiri wanaotafutwa kuliko wengine, vijana wenye diploma hujiandikisha humo kwa matumaini makubwa. Nao hukutana upesi na swali hili: mtu asiyejulikana akiomba kuunganishwa, yafaa kumkubali?

Wako wasemao kwamba hilo si jambo la kuulizia dhamiri. Ni simu tu, wasema. Ni kugusa kioo kwa kidole. Lakini saini nayo ni wino tu, na kiapo ni pumzi tu. Tendo halipimwi kwa uzito wa kidole kilicholitenda, bali kwa mambo yanayowapata watu kwa sababu yake. Wenye mtandao wenyewe huwashauri wanachama wawakubali wale tu wanaowajua. Shauri hilo husomwa na wachache, na wanaolifuata ni wachache kuliko hao. Wala si kwa ukaidi tu, kwa maana likifuatwa neno kwa neno, lina ugumu wake.

Achukuliwe hapa kijana wa mfano, mzaliwa wa Kalengera, kwenye barabara itokayo Goma kupita Rumangabo hadi Rutshuru. Amemaliza masomo ya uuguzi, na vyeti vyake ni vya haki. Vita ilipopamba moto katika eneo la Rutshuru mwaka 2022, jamaa yake, kama jamaa nyingine elfu nyingi, wakakimbilia Kanyaruchinya, kaskazini ya Goma. Mwezi wa Januari 2025 Goma nao ukaingia mikononi mwa M23; benki zikafunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, na mwezi huohuo serikali ya Marekani ikasimamisha misaada yake kwa nchi za nje, ambayo mashirika mengi yalikuwa yakiitegemea. Mwezi uliofuata kambi zilizouzunguka mji zikaachwa tupu, watu wakarudi kwenye mashamba yao au walikoweza. Kijana huyo ana nani? Ana baba mkulima wa maharagwe, mjomba muuza makaa, dada mshonaji, na rafiki watano waliosoma naye darasa moja. Wote wampenda. Hapana hata mmoja ajuaye habari ya kazi ambayo yeye mwenyewe hajaisikia.

Jambo hilo lilichunguzwa zamani na mwanachuoni mmoja wa Marekani, Mark Granovetter, aliyeliandika mwaka 1973. Aliwauliza watu wa viungani mwa Boston, waliopata kazi kwa kuambiwa na mtu, kama walikuwa wakionana na mtu huyo mara nyingi. Waliosema mara nyingi hawakufika 17 katika mia. Zaidi ya 55 katika mia walikuwa wakionana naye mara mojamoja, na karibu 28 katika mia kwa nadra sana. Sababu yake si ngumu. Watu wa karibu hula chungu kimoja, hukaa baraza moja, na habari zao ni zilezile. Neno jipya huja na mtu atokaye mbali. Mwaka 2022 wachunguzi wengine walichapisha katika jarida la Science matokeo ya uchunguzi juu ya LinkedIn yenyewe, uliochukua miaka mitano na kuhusu watu zaidi ya milioni 20. Nao waliona kwamba mtu wa mbali kidogo humsaidia mwenziwe kupata kazi kuliko mtu wa ndani kabisa. Ila waliongeza neno ambalo wapenda mitandao hulisahau: aliye mbali kupita kiasi, ambaye hapana mtu wa kati ya wawili hao anayejulikana na wote, faida yake hupungua tena.

Basi kumwambia kijana wa Kalengera asimkubali kamwe mtu asiyemjua ni kumwambia akae na umaskini wake. Shauri hilo hutolewa kwa wepesi na mtu ambaye tayari ana mjomba katika ofisi.

Upande wa pili nao usifichwe. Mwezi wa Agosti 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa taarifa kwamba katika Myanmar watu wasiopungua 120,000, na katika Kambodia karibu 100,000, huenda walikuwa wameshikwa ndani ya majumba yenye walinzi, wakilazimishwa kuwalaghai watu wengine kwa njia ya intaneti. Walikuwa wameitwa kwa matangazo ya kazi nzuri. Tena hawakuwa wajinga: taarifa ilieleza kwamba wengi wao walikuwa watu waliosoma, wenye kujua lugha na kompyuta. Mwaka 2022 Kenya ilianza kuwarudisha raia wake waliokuwa wameahidiwa kazi Thailand wakajikuta Myanmar. Na mapema mwaka 2025, watu zaidi ya 7,000 walipotolewa katika majumba ya Myawaddy, mpakani mwa Thailand, walikuwamo Wakenya, Waganda na Waethiopia. Hata watu wa mataifa makubwa hunaswa. Mwaka 2021 idara ya usalama ya Uingereza iitwayo MI5 ilionya kwamba, kwa muda wa miaka mitano, Waingereza wasiopungua 10,000 walikuwa wamefuatwa katika mtandao wa kazi na watu wenye majina ya uongo, waliotumwa na mataifa yenye nia mbaya.

Hila iliyo ya kawaida ni ndogo kuliko hizo. Mtu mwenye picha ya suti na ofisi nzuri hutoa habari za kazi katika shirika la Umoja wa Mataifa. Humsifu kijana kwa elimu yake. Kisha huomba dola hamsini za kufungua faili, au za daktari. Umoja wa Mataifa umekwisha kutangaza mara nyingi kwamba hautozi mwombaji fedha katika hatua yoyote ya kuajiri. Lakini tangazo hilo lisomwe na nani katika nyumba ambayo jioni ile watu wameimba kwa furaha? Dola hamsini hukopwa. Mbuzi huuzwa.

Watu wengi wakifikiri jambo hili hukoma hapo. Hupima faida na hatari za mtu mmoja, yaani yule aombwaye. Wakiona kwamba yeye ni mtu mzima, ameona mengi, hadanganyiki, husema: basi na akubali, mgeni atamfanya nini? Hapo ndipo hesabu inapopungukiwa, kwa maana aombwaye hayuko peke yake mlangoni. Nyuma yake wako watu wa nyumba.

Mfano wake huu. Mwalimu mmoja, mwenye sifa njema, akubali maombi ya kila amwombaye. Kati yao yumo mlaghai. Mlaghai hamwandikii mwalimu neno lolote. Hana haja naye. Huifungua orodha ya watu wa mwalimu, akamwona humo msichana aliyesoma kwake zamani, ambaye sasa anatafuta kazi. Amwombapo msichana huyo, simu yenyewe humwonyesha kwamba mwombaji na yeye wana mwenzao mmoja, ndiye mwalimu. Msichana hasemi, "Huyu simjui." Husema, "Huyu ajulikana na mwalimu wangu." Anakubali, anasadiki, anatuma fedha, au jambo baya kuliko fedha, anapanda gari. Mwalimu hakupoteza hata senti moja. Yeye mwenyewe hakudanganywa, wala hatapata kujua kwamba neno lolote limetendeka. Jina lake ndilo lililokuwa ufunguo.

Kwa hiyo kuunganishwa na mtu mbele ya macho ya wengine ni namna ya ushuhuda, hata kama mwenye kubonyeza hakukusudia kushuhudia. Na ushuhuda hauwezi kutolewa kwa mtu usiyemjua. Ukitolewa, ni ushuhuda wa uongo uliotolewa kwa uvivu.

Shida hii si mpya kama simu zilivyo mpya. Katika karne za kwanza za Kanisa, wasafiri walipita kutoka mji hata mji, na kila mmoja alisema kwamba yeye ni mwenzi wa imani, tena wengine walijiita mapadri. Mtaguso wa Kalkedonia, uliofanyika mwaka 451, uliamuru kwamba mpadri mgeni asiyejulikana asihudumu katika mji wa wengine pasipo barua ya kumthibitisha kutoka kwa askofu wake. Na juu ya maskini na wahitaji waliosafiri, Mtaguso ulisema kwamba wakisha kuulizwa habari zao wapewe barua ya amani tu, isiwe ile kubwa ya kuthibitisha. Msomaji apime vizuri agizo hilo la pili. Maskini hakufukuzwa kwa sababu hajulikani. Alipewa karatasi iliyotosha kumpatia mapokezi njiani, na karatasi hiyo haikusema zaidi ya yale ambayo mwandishi wake aliyajua. Zilikuwapo barua za namna mbili kwa sababu yako mambo mawili: kumpokea mtu, na kumdhamini.

Mtandao wa kazi, kwa kitufe chake kimoja, umeyachanganya mambo hayo mawili. Akubaliye hupokea na hudhamini kwa mguso uleule.

Hapa mtu mwenye akili ataleta hoja, nayo si dhaifu. Atasema: Zamani, katika mtandao huo, kuunganishwa kulikuwa na maana ya kujuana, siku hizi sivyo. Watu wana wenzao 3,000 au 5,000, na kila mtu afahamu kwamba hakuna awezaye kujuana na watu kadiri hiyo. Neno limepoteza thamani kama noti zilivyopoteza thamani nchini Zaire katika miaka ya 1990. Pasipo na asadikiye, hapana adanganywaye. Basi ushuhuda wa uongo u wapi?

Hoja hiyo ni ya kweli kwa wale waliozoea. Ofisa wa Nairobi au wa Brussels, aonapo kwamba yeye na mgeni wana mwenzao mmoja, hatikisiki. Ajua noti hiyo hainunui kitu. Lakini noti zikipoteza thamani, wa mwisho kuambiwa ni mtu wa shamba. Yeye huzipokea bado kwa bei ya zamani, na wachuuzi wajanja humpelekea yeye. Vivyo hivyo msichana aliyeifungua simu yake ya kwanza mwaka huu, katika mji ambako "ninamjua" ni neno la kumfungulia mtu mlango, hulisoma neno hilo kwa maana yake kamili. Maana ya neno haiamuliwi na msemaji peke yake. Msikiaji naye ana fungu lake. Asemaye mbele ya watoto hajitetei kwa kusema kwamba watu wazima wangeujua utani wake. Nao watu ambao mwalimu, muuguzi au katekista anao katika orodha yake si maofisa wa Brussels.

Basi afanyeje aombwaye? Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, katika kitabu chake kidogo juu ya amani ya daima, cha mwaka 1795, aliandika juu ya haki ya mgeni. Alisema mgeni afikapo katika nchi ya watu ana haki ya kutotendewa kama adui maadamu anaenenda kwa amani. Hiyo ni haki, wala si fadhili. Lakini hana haki ya kudai akaribishwe kama mtu wa nyumbani. Kwa hilo yahitajiwa mapatano maalumu. Kant alikuwa akiyafikiria mataifa, na hasa mataifa ya Ulaya yaliyokuwa yakishuka katika pwani za watu na kujifanya wenye nyumba. Hata hivyo kipimo chake chafaa hapa. Mgeni wa simu ana haki ya kutofikiriwa kuwa mwizi kwa sababu tu hajulikani. Ana haki ya kuulizwa. Hana haki ya kupata jina la mtu.

Tena mtandao wenyewe una njia ya katikati, ambayo haitumiwi vya kutosha: mtu aweza kumfuata mwingine, yaani kusoma maandishi yake na matangazo ya kazi anayoyatoa, bila kuunganishwa naye. Kijana wa Kalengera atakaye kusikia habari za mbali aweza kuwafuata wakuu wa mashirika hamsini pasipo kuwaomba ruhusa, wala kumpa mtu ufunguo wa nyumba ya jamaa zake. Aweza pia kuificha orodha ya watu wake, ili amkubaliye asipate kutembea humo kama sokoni. Hizo ndizo barua za amani za zamani hizi. Hazigharimu kitu, isipokuwa fahari ya kuonyesha hesabu kubwa, na fahari hiyo, kusema kweli, ndiyo sababu ya nusu ya mambo haya yote. Mtu mwenye wenzi 3,000 huonekana mkubwa. Kwa nani, na kwa faida gani, hakuna aulizaye.

Lakini kuna wageni ambao kumfuata tu hakutoshi, kwa kuwa wanahitaji kusema na mtu, naye ahitaji kusema nao. Kwa hao wazee wa Bwisha wana jambo la kufundisha. Wasemao Kinyarwanda walikuwa na mapatano yaitwayo kunywana, ambayo kwayo watu wawili wasio wa ukoo mmoja walionja damu ya wenzao, wakawa kama ndugu. Desturi hiyo ilikuwa na ushirikina ndani yake, na wamisionari waliipinga. Hapana haja ya kuirudisha. Lakini sharti iangaliwe ilivyokuwa. Wazee hawakusema kwamba mtu asiye wa ukoo abaki mgeni daima. Walimwekea njia ya kuacha kuwa mgeni. Njia hiyo ilikuwa ya polepole. Ilikuwa na mtu wa tatu aliyesimamia na kutamka masharti. Na aliyeyavunja alijiletea laana. Polepole, shahidi, na gharama: hayo matatu ndiyo yasiyopatikana katika kitufe.

Mwenye busara huyarudisha mwenyewe, kwa maneno. Ombi likija kutoka kwa mtu asiyemjua, halikubali siku ileile wala halipuuzi. Humwandikia: "Salamu. Umelipataje jina langu? Ni nani wa huku unayemjua? Wahitaji nini?" Mtu wa haki hujibu, hata kama ni baada ya wiki, na jibu lake huwa na kitu cha kushika: jina la parokia, la shule, la mradi fulani, la mtu anayeweza kupigiwa simu. Kisha huyo mtu wa tatu hupigiwa simu kweli. Mlaghai hukasirika kwa kuulizwa, au hukimbilia kwenye ahadi, au hunyamaza. Ana haraka, kwa maana siku hiyo amepiga hodi katika nyumba 200. Maswali hayohayo aliyoulizwa babu yake kijana huyo mbele ya mlango wa watu yametosha kumtenga mwenye nia na asiye nayo. Si kila mara. Wako wadanganyifu wavumilivu. Lakini wenye subira hiyo hawamtafuti muuguzi wa Kalengera.

Yote hayo yamesemwa kwa ajili ya aombwaye aliye mdogo. Mkubwa ana hesabu nyingine. Yuko mwenyeji wa Rutshuru aliyepata kazi katika shirika huko Goma, au Kinshasa, au aliyehamia Ulaya; naye hupokea kila wiki maombi ya vijana asiowajua, wenye picha zilizopigwa ukutani kwa mjomba na Kifaransa chenye makosa. Huyapuuza yote. Ukimwuliza, hujibu kwamba amesikia habari za walaghai, na kwamba ni busara kutomkubali usiyemjua. Neno ni lilelile alilofundishwa kijana, lakini katika kinywa chake limekuwa kitu kingine. Yeye haogopi kupoteza mbuzi. Asipotaka kumdhamini kijana, na asimdhamini, ana haki; lakini kujibu mistari miwili kwamba kazi fulani imetangazwa, kwamba barua iandikwe hivi, kwamba shirika fulani halitozi fedha na anayetoza ni mwongo, hakumgharimu hata robo saa. Uchunguzi ule wa Granovetter unamhusu yeye kuliko mtu mwingine: yeye ndiye yule mtu wa mbali kidogo, aliye na neno ambalo chunguni mwa Kalengera halimo. Tena kwa kuwa anatoka huko, ni rahisi kwake kumpata mtu wa tatu. Ana shangazi huko. Ana paroko aliyembatiza. Jina la kijana na la kilima chake vikitajwa kwa simu siku ya Jumapili baada ya Misa, jibu hupatikana kabla ya jioni.

Kati ya yule akubaliye kila mtu na huyu asiyemkubali yeyote, ni vigumu kusema nani amedhuru zaidi. Wa kwanza amewafungulia wezi nyumba za wengine. Wa pili ameufunga mlango ambao yeye mwenyewe, miaka kumi iliyopita, alifunguliwa na mtu asiyemjua.

Limebaki jambo moja dogo, la wale ambao wamekwisha kukubali. Mtandao huruhusu kumwondoa mtu katika orodha, wala aliyeondolewa hapelekewi habari. Basi hapana aibu ya kuogopa. Mwenye watu 3,000 hataweza kuwapitia wote jioni moja. Na aanze na wale ambao wameunganishwa pia na wanafunzi wake au watoto wa ndugu zake, kwa maana simu yenyewe humwonyesha ni akina nani. Awaulize vijana hao kama wamepata kuandikiwa, na kama wameombwa fedha.